Makuzi ya watoto wetu yasomwe pia kwetu

Nafundisha somo la makuzi ya binadamu katika chuo kimoja hapa Jinja. Mwaka 2023 mwanafunzi kutoka Mbale aliandika katika mtihani kwamba kwa Wagisu utu uzima hauji na miaka 18. Asiyesimama akatahiriwa katika imbalu bado ni mvulana, hata akiwa na watoto. Nilimpa sifuri.

Mimi nilisomea uhamishoni Kenya, nikarudi na vitabu vya Wazungu kichwani. Agosti 2024 nilikwenda Mbale, nikamwona kijana aliyejitangaza mwenyewe kuwa yuko tayari, akasimama wima bila kupepesa jicho. (Wapo wanaokamatwa kwa nguvu, na hilo silitetei.)

La ajabu, vitabu hivyo vina deni kwetu. Kabla ya majaribio yake mashuhuri huko Baltimore, Mary Ainsworth alichunguza watoto wachanga na mama zao katika vijiji karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955.

Vyuo viwatume wanafunzi wakawaulize wazee wa Busoga na Bugisu, na majibu yao yapewe alama. Nimeomba kijana yule arudishiwe zake. Nasubiri jibu.