Kidonda cha Kulalia Hakizuki Ghafla

Mzee anapofikishwa hospitalini kutoka makao ya wazee akiwa na kidonda kilichooza mwishoni mwa mgongo, umri wake ndio hulaumiwa kwanza. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Mwili usiogeuzwa hukandamizwa kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti, ngozi hufa, kisha vijidudu hupenya hadi mfupani na kwenye damu, na maisha huwa hatarini. Yote hayo hutanguliwa na onyo: wekundu usiotoweka ukibonyezwa au, katika ngozi nyeusi, baka jeusi zaidi, lenye joto au ugumu.

Nchini Marekani, kanuni zilizotokana na sheria ya mwaka 1987 zinadai kwamba aliyeingia katika makao hayo bila kidonda asikipate, isipokuwa ugonjwa wake umefanya kisiepukike. Msimamo huo unastahili kuigwa: mtunzaji ndiye atoe maelezo, si mgonjwa.

Basi muuguzi aandike saa ya kila anapomgeuza mgonjwa, na jamaa wanaomtembelea waombe kuona visigino, nyonga na mgongo wake. Shuka safi huweza kuficha mengi.