Kodi ya Jengo ni ya Mwenye Jengo



Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Malalamiko yaliyozuka yana msingi: anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, ilhali kisheria kodi hii ni ya mwenye jengo.

Barabara ikichongwa na maji yakifika, thamani ya nyumba hupanda, na faida humrudia mwenye nyumba. Ni haki basi mzigo aubebe yeye. Mpangaji hupata nini? Aghalabu hupandishiwa pango.

Wapo miongoni mwetu hapa Magoma wenye vyumba vya kupangisha Korogwe na Tanga mjini. Haifai mtu aswali safu ya mbele, kisha amwachie mjane kodi isiyo yake. Surat al-Mutaffifin imewakemea wapunjao, na kupunja si kwa mizani na pishi tu.

Tunawausia: kiasi hicho kipunguzeni katika pango kuanzia mwezi huu, kabla ya Siku ya Hesabu.

Wabillahi tawfiq.