Tusiwafiche wazee wetu waliopoteza kumbukumbu

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona. Baba anauliza mara kumi ndani ya saa moja kama adhuhuri imekwisha kuadhiniwa. Bibi anamwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mzee anavaa kanzu usiku wa manane na kutaka kwenda kazini, ilhali alistaafu miaka ishirini iliyopita. Sisi husema mzee amerudi utotoni, kisha tukabadilisha mazungumzo. Madaktari huyaita maradhi hayo dimenshia, na lililo kubwa katika aina zake ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la tabibu wa Kijerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka 1906.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Alikuwapo mtaani kwetu mwalimu wa chuo, mmoja katika waliotusomesha juzuu ya Amma kwa subira na kwa bakora pia. Alipoukaribia umri wa miaka themanini, kumbukumbu zake zilianza kumtoka. Usiku mmoja, katikati ya swala ya isha, aligeuka akaanza kuwaamuru watu wafungue misahafu kama vile yupo chuoni. Siku nyingine hakuweza kujizuia, mkeka ukachafuka. Waumini walilalamika. Sisi tuliokuwa tukiswalisha ndio tuliokwenda kwa watoto wake tukawaambia, kwa maneno laini, kwamba ni bora mzee aswalie nyumbani. Walikubali upesi mno, hata tukatambua kwamba wao walikuwa wakiona haya kuliko sisi.

Ikapita miezi mingi. Jioni moja tulikwenda kumjulia hali, tukamkuta katika chumba cha uani, dirisha limefungwa nusu. Hakututambua. Alituuliza kama tumekuja kwa ajili ya umeme. Nje ya dirisha mjukuu wake alikuwa akidurusu Suratul-Mulk kwa ajili ya mtihani wa madrasa, akaruka neno. Mzee aliinua kidole chake. "Rudi!" alisema, kwa sauti ile ile tuliyoiogopa utotoni. Kisha akaisoma aya hiyo kwa madda na ghuna zake, akaendelea mpaka mwisho wa sura, huku akijipigapiga pajani. Alipomaliza alitugeukia, akatuuliza tena kama tumekuja kwa ajili ya umeme.

Tulitoka pale tukiwa na uzito kifuani. Tulikumbuka habari waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Masahaba walimjia juu, Mtume akawazuia, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Bedui yule alikuwa na akili timamu, na bado alistahimiliwa. Sisi tulimtoa mwalimu wetu kwa sababu ya mkeka ambao ungefuliwa kwa sabuni ya shilingi chache.

Ipo sababu ya mzee kusahau majina ya wanawe na kukumbuka Suratul-Mulk. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea habari mpya na kuzihifadhi huwa ni miongoni mwa zinazoathirika mwanzo. Kwa hiyo la jana hutoweka kabla ya la miaka sitini iliyopita. Yale yaliyojengwa kwa kukariri, kwa sauti, kwa mahadhi na kwa mwendo wa mikono, mara nyingi huchelewa kuondoka. Si kwa kila mgonjwa wala si daima, lakini hutokea kiasi cha wataalamu kulitegemea. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2003, wamekuwa wakiwakusanya wagonjwa hawa katika vikundi vya kuimba. Mjini New York, katika miaka ya 2000, jumba la sanaa la Museum of Modern Art lilianzisha vikao vya wagonjwa na wanaowatunza, wakaketi mbele ya michoro na kuizungumza. Hakuna anayeulizwa leo ni tarehe ngapi, huulizwa anaona nini.

Wenzetu wamelazimika kuvianzisha vikao hivyo. Sisi tunavyo. Tuna darsa za baina ya magharibi na isha, khitma za Ramadhani, Yasini ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na uradi unaosomwa kwa sauti moja. Tuna akina mama wa Lamu na Unguja waliolelewa kwa kuusikia utenzi wa Mwana Kupona, alioutunga mama huyo katikati ya karne ya 19, naye akiwa mgonjwa, ili kumuusia binti yake. Tuna kasida ya Burda ya Imamu al-Busiri, ambayo inasimuliwa kwamba aliitunga baada ya kupooza upande mmoja wa mwili. Wapo ndugu zetu wasioridhia maulidi na dufu, nasi hatukusudii kuufungua mjadala huo hapa. Asiyetaka dufu anayo Qur'ani, na asiyekuwa na sauti anayo mikono. Tumemwona bibi asiyejua tena yupo mji gani, lakini akipewa miyaa vidole vyake husuka ukili bila kukosea, na uso wake hutulia. Wanawe walikuwa wamemnyang'anya miyaa hiyo wakisema anachafua nyumba.

Kwa nini basi tunawafungia ndani? Tunaiona sababu ya kwanza kuwa ni aibu, na aibu hiyo tumeivisha joho la dini. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba mwenye kuisoma Qur'ani harudishwi katika umri ule dhalili uliotajwa katika Suratun-Nahl, aya ya 70, umri ambao mtu huwa hajui tena alichokuwa akikijua. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah na umri huo. Kwa maneno haya baadhi ya watu wamefikia kumdhania vibaya kila sheikh au hafidhi aliyepoteza kumbukumbu, kana kwamba kisomo chake hakikuwa na ikhlasi. Tumewahi kusikia familia ikiombwa "ichunguze baba yao alifanya nini ujanani." Hayo ni maneno ya dhulma.

Wafasiri walipofika Suratut-Tin, kwenye watu waliovuliwa, wale wenye ujira usiokatika, walitaja kauli nyingine iliyopokewa pia kutoka kwa Ibn Abbas, nayo imo katika tafsiri ya Imamu at-Tabari: kwamba Muumini akifikia uzee unaomzuia kufanya ibada, huandikiwa ujira wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa na nguvu. Hili linaafikiana na hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari katika Sahihi Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima na akiwa mjini kwake. Kwa ufahamu huu, maradhi yanaweza kumfika msomaji wa Qur'ani kama yanavyomfika mwingine, lakini daftari lake la mema halifungwi. Nasi ndiyo kauli tunayoiona kuwa na nguvu.

Tena historia yetu inashuhudia. Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanalijua neno mukhtalit. Ni mpokezi mwaminifu ambaye akili yake ilichanganyikiwa mwishoni mwa umri wake. Maulamaa waliwaandikia vitabu maalumu watu hawa. Yumo Said bin Abi Aruba wa Basra, na yumo Ata bin as-Saib wa Kufa. Abdur-Razzaq wa San'a, mwenye kitabu cha al-Musannaf, alipofuka na hifadhi yake ikabadilika kabla ya kufariki mwaka 211 Hijria. Je, waliitwa wanafiki? Hapana. Maulamaa walipambanua tu: fulani alisikia kwake kabla ya kuchanganyikiwa, hadithi yake inachukuliwa, fulani alisikia baadaye, inaachwa. Heshima ya mtu ilibaki mahali pake, na hali yake ikaandikwa waziwazi, bila kunong'ona.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha Jarir bin Hazim, aliyefariki mwaka 170 Hijria. Wanawe walikuwa watu wa hadithi. Walipoona baba yao ameanza kuchanganya, walimkinga na wanafunzi, hata hakuna aliyepokea neno kutoka kwake katika hali ile. Msomaji anaweza kutuambia: mbona hao nao walimficha baba yao? Tunajibu kwamba walimkinga na jambo moja alilokuwa hawezi tena kulibeba, nalo ni amana ya kupokelewa hadithi. Walikilinda kile alichokitumikia maisha yake yote kisiharibike kwa ulimi wake mwenyewe. Kumkinga mzee na jukumu ni kumhurumia. Kumwondolea watu, sauti na swala za jamaa ni jambo jingine kabisa.

Lau tungeupima mwenendo wetu kwa mfano huo, tungegundua kwamba mara nyingi tunafanya kinyume. Mzee hapelekwi msikitini kwa kuwa "hajielewi", lakini inapokuja hati ya kiwanja anaonekana kujielewa kiasi cha kutia dole gumba! Hapa sheria iko wazi. Kalamu imenyanyuliwa kwa aliyeondokewa na akili mpaka imrejee. Mauzo yake, hiba yake na talaka anayoitamka katika hali hiyo havina nguvu. Suratun-Nisaa, aya ya 5, inaagiza mali ya asiyeweza kuisimamia ishikwe na walezi, naye alishwe na kuvishwa kutokana nayo, na aambiwe maneno mazuri. Maneno mazuri yamewekwa pamoja na chakula na nguo. Ama swala, akipata fahamu aswali anavyoweza, na asipokuwa nayo tusimgombeze.

Sababu ya pili ni hofu ya uchawi. Bibi aliyepotea njia usiku akakutwa nyuma ya nyumba ya jirani, hajui alifikaje, husemwa kwamba alikuwa akiwanga. Katika Kanda ya Ziwa na katika upande wa Kilifi wapo wazee waliouawa kwa tuhuma za namna hii. Hatuwezi kusema wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu. Lakini Muislamu anayeijua dimenshia hatauliza alimroga nani, atamshika mkono amrudishe kwao.

Tukumbuke pia aliyeachiwa kazi yote peke yake, ambaye kwa kawaida ni binti mmoja au mke wa mtoto wa kiume. Suratul-Israa, aya ya 23, inapotaja wazazi kufikia uzee inatumia neno indaka, yaani wakiwa kwako, mbele yako. Kaka anayetuma fedha kutoka Maskati au Dubai ametenda jema, lakini dada yake hajalala usiku wa tatu huu. Jamaa wa msikiti wanaweza kupeana zamu, mmoja akakaa na mzee saa mbili za Jumamosi ili huyo binti apumzike. Wala tusiache kuwapeleka wazee hospitali. Shinikizo la damu, kisukari na kupungua kusikia ni katika mambo yanayoongeza hatari ya maradhi haya, nayo hutibika au hudhibitika.

Baada ya siku ile ya dirishani tulirudi kwa watoto wa mwalimu wetu, safari hii kuwaomba radhi. Tulikubaliana aletwe kila Alhamisi kabla ya magharibi. Kiti chake kimewekwa karibu na mlango, pana mkeka mdogo wake peke yake, na mjukuu huketi ubavuni mwake. Kisomo cha swala tumekifupisha, kama Mtume (s.a.w.) alivyomuamrisha mwenye kuswalisha watu kwa ajili ya mdhaifu, mgonjwa na mzee. Baadhi ya waumini walinuna wiki za mwanzo. Mmoja alihamia msikiti mwingine, nasi tunamuombea kheri huko aliko.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tukiswalisha isha, tukakwama katikati ya aya tuliyoisoma maisha yetu yote. Kimya kikapita. Sauti ikatoka kwenye kiti kilicho karibu na mlango, ikatutajia neno lililotupotea. Tukarudi, tukalisoma, tukaendelea na swala.