Urafiki wa Wake Wenza Upo, na Si Sifa ya Mume

Swali la kama wake wenza wanaweza kuwa marafiki wa kweli hujibiwa kwa haraka mno. Anayechukia mitala husema haiwezekani kabisa. Anayeitetea husema inawezekana sana. Mara nyingi wote wawili wanawasemea wanawake ambao hawakuulizwa. Msimamo wangu ni kwamba urafiki huo upo, tena wa kweli, lakini ni kazi ya wanawake wenyewe. Hakuna mume wala mila inayostahili kujivunia kwa niaba yao.

Kabla ya kujibu hoja, tukubaliane juu ya kipimo. Kuitana “dada” na “mdogo wangu” mbele za wageni ni adabu, na kukaa bila kugombana ni amani. Rafiki ni yule unayemwachia mtoto mgonjwa ukaenda sokoni roho ikiwa imetulia. Ni yule unayemweleza siri yako na isirudi kwako kupitia kinywa cha wifi. Ni yule ambaye ungeendelea kumtembelea hata kama mume aliyewakutanisha hayupo tena. Kipimo ni kigumu, na ndicho nitakachokitumia hapa.

Hoja ya kwanza: “Fahali wawili hawakai zizi moja, wivu hauwezi kuwaruhusu.”

Wivu upo, na anayeukana hajawahi kukaa karibu na mwanamke aliyeletewa mwenza. Mwaka 2005 William Jankowiak na wenzake walichapisha uchambuzi wa jamii 69 zenye ndoa za mitala kutoka pembe mbalimbali za dunia. Walikuta ugomvi wa wake wenza umeenea mno, na chanzo kikubwa kikiwa kugombea mapenzi na ukaribu wa mume. Sina nia ya kupunguza uzito wa matokeo hayo. Ninachokataa ni kudai kwamba palipo na wivu hapana urafiki. Ndugu wa tumbo moja huoneana wivu juu ya shamba, juu ya elimu, juu ya nani alipendwa zaidi na mama, na bado huuguzana na kuzikana.

Katika historia ya Uislamu kuna ushahidi mzito zaidi kuliko maneno yangu. Bibi Aisha alipozushiwa tuhuma ya uzinzi na Madina ikajaa minong’ono, Mtume (s.a.w.) alimwuliza Bibi Zainab binti Jahsh anajua nini juu ya mwenzake. Zainab ndiye aliyekuwa akishindana na Aisha kwa nafasi kuliko wake wengine. Aisha mwenyewe ndiye aliyelisimulia hilo. Dada yake Zainab, Hamna, alikuwa tayari miongoni mwa waliozieneza tetesi. Neno moja la shaka lingetosha kumwangusha mshindani wake. Zainab akajibu kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Ushindani wao haukuwa umefutika, lakini saa ya hatari ilipofika alimlindia mwenzake heshima. Huo wivu ulioshindwa na Zainab ndio tunaoambiwa hauwezi kushindwa na mwanamke yeyote.

Hoja ya pili: “Mwenye imani ya kweli haoni wivu.”

Hoja hii husemwa kwa upole, lakini inaumiza kuliko ya kwanza, kwa kuwa humfanya mwanamke aone uchungu wake kuwa ni dhambi. Hadithi mashuhuri inasimulia jinsi mmoja wa wake wa Mtume alivyoupiga mkono wa mtumishi aliyeleta chakula kutoka kwa mwenzake, sahani ikaanguka na kuvunjika. Mtume aliokota vipande na chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameona wivu, kisha akatoa sahani nzima ifidie iliyovunjika. Aliutaja wivu kwa jina lake, akaitengeneza hasara, na imani ya mkewe haikuguswa.

Mwanamke anayeamriwa kutabasamu wakati moyo unamuuma hujifunza kuigiza, na maigizo hayazai urafiki. Wake wenza waliofika kwenye urafiki walianza pale ambapo mmoja aliweza kumwambia mwenzake, “Ulipokuja niliumia,” na huyo mwingine akasikiliza bila kujitetea.

Hoja ya tatu: “Adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake.”

Hapa ndipo penye uongo mkubwa, kwa hiyo tupachambue taratibu. Chukua mirathi ya Kiislamu. Mume akifariki ameacha watoto, fungu la wake ni thumni, yaani sehemu moja ya nane ya mali, wawe wangapi. Mke akiwa mmoja anaichukua yote. Wakiwa wawili kila mmoja anapata moja ya kumi na sita, na wakiwa wanne ni moja ya thelathini na mbili. Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi kinaigawa mali ya mwenye wake wengi asiyeacha wosia kwa kufuata idadi ya watoto katika kila nyumba, na mjane aliye hai huongezwa kama mtu mmoja zaidi katika hesabu hiyo. Kwa maneno mengine, kila mtoto anayezaliwa nyumba ya pili anapunguza sehemu ya nyumba ya kwanza. Sibishani hapa na sheria yoyote kati ya hizo. Nasema tu kwamba wanawake wawili waliowekwa katika hesabu ya namna hiyo wana sababu ya kuogopana hata kama wote wana tabia njema, na hesabu hiyo hawakuipanga wao.

Watafiti wameona jambo kama hilo katika kazi za kila siku. Mwaka 2002 Sangeetha Madhavan aliandika juu ya wake wenza wa Kibambara na wa Kifulani nchini Mali, akaonyesha kwamba ushirikiano na ushindani vinategemea mazingira ya maisha yao. Wabambara, wanaotegemeana katika kilimo, walielekea zaidi kwenye ushirikiano kuliko Wafulani. Mioyo ya wanawake haitofautiani kwa kabila. Kinachotofautiana ni namna kazi na riziki zinavyogawanywa.

Hata hapa kwetu tumezoea kuisingizia nyumba makosa ya mahali pengine. Mwaka 2015 David Lawson na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania. Vijiji vyenye mitala mingi vilionekana kuwa na upungufu zaidi wa chakula na watoto wenye afya dhaifu. Lakini kaya zilipolinganishwa ndani ya kijiji kimoja, mitala haikuonekana kuwa chanzo cha madhara hayo. Mazingira magumu ya maeneo yenyewe yalieleza sehemu kubwa ya tofauti. Basi wanawake wawili wakigombana kwenye nyumba isiyo na unga, tuanze kwa kuuliza juu ya unga.

Tena, tutazame ni nani anayenufaika. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wake wakiwa wanachunguzana wao kwa wao, hakuna anayepata muda wa kumwuliza mume mshahara umekwenda wapi.

Hoja ya nne: “Mume akiwa mwadilifu, watapendana wenyewe.”

Uadilifu ni wajibu. Sura ya An-Nisaa, aya ya 3, inamtaka anayehofia kutofanya uadilifu abaki na mke mmoja, na aya ya 129 ya sura hiyohiyo inawakumbusha wanaume kwamba hawataweza kuwa waadilifu kamili baina ya wake hata wakijitahidi. Mume anayegawa zamu sawa, matumizi sawa na doti za kanga sawa wakati wa Idi anaondoa sababu nyingi za chuki. Anastahili kupongezwa kwa kutimiza wajibu wake, na pongezi ziishie hapo.

Urafiki hujengwa mahali ambapo mume hayupo. Hujengwa shambani wakati wa palizi, kwenye foleni ya kliniki, usiku wa uchungu ambapo bi mdogo anabisha hodi kwa bi mkubwa kwa sababu hakuna mwingine aliye karibu. Hujengwa pia kwenye ukweli ambao waume wengi wanauogopa: siku wake wawili wanapokaa na kulinganisha walichoambiwa. Huyu aliambiwa fedha imekwenda ada ya shule ya watoto wa mwenzake, na yule aliambiwa imekwenda hospitali kwa huyu. Riwaya ya Buchi Emecheta ya mwaka 1979, *The Joys of Motherhood*, inawaonyesha wake wawili mjini Lagos, wasiopendana sana, wakiungana kugoma kupika hadi mume aongeze fedha ya chakula. Emecheta aliona sawasawa: mara nyingi hatua ya kwanza kuelekea urafiki ni wanawake wawili kugundua kwamba wamekuwa wakidanganywa na mtu mmoja.

Hoja ya tano: “Wawekwe nyumba moja, watazoeana.”

Wazee wetu walijua zaidi. Katika boma la Kimaasai kila mke ana nyumba yake aliyoijenga mwenyewe, mke wa kwanza upande wa kulia wa lango, wa pili upande wa kushoto. Katika boma la Wajaluo, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazama lango kuu, na wenzake wana nyumba zao pembeni. Mafundisho ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, nayo yanampa kila mke haki ya makazi yake, bila kulazimishwa kuchangia na mwenzake. Kila mahali busara ni ileile: mlango wangu, jiko langu, ghala langu. Mwanamke anapokuja kwako kwa hiari yake akiwa na kwake pa kurudi, hapo ndipo ujio wake unapokuwa na maana. Kuwabana wawili kwenye vyumba viwili vya kupanga vinavyotenganishwa na ukuta mwembamba, wakachangia jiko na choo na kusikia kila neno la usiku, ni ukatili, na anayeufanya asiuite njia ya kuwapatanisha.

Hoja ya sita: “Wakipatana ni kwa maslahi tu.”

Ndiyo, wanahitajiana. Mmoja akienda mnadani, mwingine anabaki na watoto. Mmoja akikwama kwenye marejesho ya mkopo wa kikundi cha VICOBA, mwingine anamfichia aibu. Lakini lini urafiki ulizuiwa kuanza na haja? Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hatumwambii mwanamume aliyepata rafiki yake kazini au jeshini kwamba urafiki wao ni wa maslahi kwa sababu kazi ndiyo iliyowakutanisha.

Kipimo cha kweli huja mume akishafariki. Hapo hakuna zamu ya kugombea wala mtu wa kumpendeza, na ndugu wa marehemu wamekwishaanza kuulizia hati ya kiwanja. Wapo wajane wanaofikishana mahakamani. Wapo pia wanaokaa eda pamoja, wakasimama na kauli moja mbele ya baraza la ukoo, na miaka ikapita bado mmoja anamvushia mwenzake bakuli la mboga kila jioni. Wapo walionyonyesha mtoto wa mwenza aliyefia uzazini na kumlea hadi akaoa. Ukiwaita hao wanafiki, sijui rafiki utamwona wapi.

Hoja ya saba: “Basi wakiwa marafiki, mitala haina ubaya.”

Hii ndiyo hoja ninayoipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu hutumia wema wa wanawake kufunika walichotendewa. Biblia inatuonyesha Lea na Raheli, ndugu wawili walioingizwa katika ndoa moja kwa hila ya baba yao, Labani, wakashindana miaka mingi juu ya mume na watoto. Katika Mwanzo sura ya 31 wanasema kwa sauti moja: baba yao amewatendea kama wageni, amewauza na kuila fedha yao. Umoja wao siku ile ulikuwa ushahidi dhidi ya aliyewadhulumu. Haukumsafisha.

Ndiyo maana ridhaa haiwezi kuachwa nje ya mjadala. Mwaka 2014, Bunge la Kenya lilipoondoa kwenye muswada wa ndoa sharti la mke aliyepo kukubali kwanza, wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira, na walikuwa na haki. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kuweka pingamizi dhidi ya ndoa mpya ya mumewe, kwa mfano anapoona kipato hakitawatosha yeye na watoto, na kifungu cha 57 kinawapa wake wote hadhi na haki sawa kisheria. Ni wanawake wangapi wamewahi kuelezwa haya kabla ya kusikia kwa majirani kwamba wameletewa mwenza? Aliyefichwa hana deni la urafiki kwa yeyote. Anaweza kukataa, anaweza kuondoka, anaweza kukaa na kubaki na heshima tu bila ukaribu. Asihukumiwe kwa lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo nawaomba mawifi na mashangazi waache kubeba maneno kutoka nyumba hadi nyumba. Urafiki mwingi wa wake wenza huuawa kabla mume hajatia mkono. Nawaomba waume waseme jambo moja kwa wake wote, hasa juu ya fedha. Na kwa mwanamke aliye ndani ya ukewenza nasema: kuwa na mlango wako, kuwa na akiba yako, ijue haki yako, kisha mtazame mwenzako upya. Huenda ukaona kwamba wewe na yeye mmekuwa mkiogopa kitu kilekile. Mkianzia hapo, urafiki mtakaoujenga utakuwa wenu, na hakuna atakayeweza kuwagawia au kuwanyang’anya.