Itifaki ya Maputo ni moja, sheria hubadilika mpakani

Mama anayevuka daraja la Rusumo na mchele wake anajua vyema ushuru na bei ya faranga. Ni wachache wanaojua kuwa akibakwa na kupata mimba, sheria inayomhusu upande huu siyo ya upande ule.

Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika Julai 2003, inazitaka nchi katika Ibara ya 14 kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale mimba inapotokana na ubakaji au maharimu, au inapohatarisha afya na maisha ya mama.

Rwanda iliridhia mapema lakini ikakataa kufungwa na kipengele hicho. Mwaka 2012 iliondoa pingamizi lake, ila mwanamke alitakiwa kwanza kupata uamuzi wa mahakama. Mimba haingojei tarehe ya kesi! Sharti hilo liliondolewa 2018, na sasa suala hilo ni la mgonjwa na daktari.

Tanzania iliridhia mwaka 2007 bila pingamizi la namna hiyo. Hata hivyo Kanuni yake ya Adhabu bado inatamka kifungo hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba na miaka saba kwa mwanamke mwenyewe, isipokuwa pale inapolazimu kuokoa maisha yake. Kwa maneno mengine, aliyesita kutia saini ametekeleza kuliko aliyetia bila kusita. Kongo nayo iliridhia 2008, lakini ilichapisha itifaki katika gazeti lake rasmi mwaka 2018.

Zaidi ya hapo kuna mkono wa Washington. Tangu 1984, marais wa Republican huyanyima fedha mashirika ya nje yanayotoa au hata kuelekeza huduma hiyo. Wa Democratic huondoa sharti. Bush alilirudisha 2001, Obama akalifuta 2009, Trump akalirudisha 2017, Biden akalifuta 2021, Trump tena Januari 2025. Shirika likikataa hukosa pia fedha za sindano na vidonge vya uzazi wa mpango, vitu ambavyo huzuia mimba hizo zisitungwe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweza kukubaliana cheti rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Mwenye mzigo bado anaulizwa ametokea upande gani.