Samaki Mmoja Akioza

Waswahili walinena ya kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa mchukuzi wa tenga la samaki neno hilo ni kweli tupu. Ubaya ulianza pale neno la tenga lilipofanywa sheria ya kutawalia watu. Mwaka 1921 Serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitunga Sheria ya Adhabu ya Pamoja, na maana yake, ikivuliwa joho la kimahakama, ndiyo hiyo hiyo: mtu akiua au akiiba, na watu wa kijiji chake au wa kabila lake wakadhaniwa kuwa wamemficha, basi na watozwe wote.

Nchi ya Singida iliionja sheria hiyo. Katika mbuga zilizo baina ya Singida na mlima Hanang, Wabarbaig wenye ng'ombe na Wanyaturu na Wanyiramba walimao mtama na uwele walikaa jirani, wakibadilishana nafaka kwa mifugo, na pengine wakiuana. Kijana wa Kibarbaig aliyemwua mtu aliyehesabiwa adui wa kabila alisifiwa kwao na kutunzwa ng'ombe. Hilo lilikuwa ovu, wala halifai kupambwa kwa jina la mila. Lakini serikali ilijibuje? Ilikwenda kutoza ng'ombe za kabila. Mzee aliyemkanya kijana, mjane asiye na mwana wa kiume, na jirani aliyekuwa safarini siku ya mauaji, wote walihesabiwa katika deni moja na yule mwenye damu mikononi. Naye huenda alilipa pungufu ya alichotunzwa. Mauaji hayakukoma. Uhuru uliyakuta.

Watetezi wa adhabu hiyo walisema, na warithi wao wangali wakisema, kwamba haikuwapo njia nyingine, kwa kuwa wenyeji hufichana na shahidi hapatikani. Hoja hiyo hujizunguka kama ng'ombe aliyefungwa kigingini. Mtu ajuaye kwamba atatozwa akisema na atatozwa asiposema, ana sababu gani ya kusema? Akisema, atapoteza ng'ombe pamoja na ndugu. Kimya ambacho serikali ilikilalamikia, yenyewe ilikuwa ikikinunua kila mwaka kwa mifugo ya watu.

Tena sheria hiyo ilikuwa na rangi. Jeshi la Polisi lililoundwa mwaka 1919 lilipangwa kama jengo la ghorofa: Wazungu juu wakiwa maofisa, Wahindi kati, na askari Mwafrika chini, akitumwa kumkamata Mwafrika mwenzake. Mlowezi akiua, alitafutwa yeye kwa jina lake, akapewa wakili. Hakupata kusikika Bwana Shauri aliyekwenda katika mashamba ya Arusha kuwatoza walowezi wote kwa kosa la mmoja wao. Mzungu alikuwa mtu. Mwafrika alikuwa kabila. Wala isidhaniwe kwamba serikali ilishindwa kupeleleza. Katika miaka ya 1946 na 1947, mauaji ya watu simba yalipoitisha Singida hiyo hiyo, washitakiwa walitafutwa, wakapelekwa mbele ya majaji, na wengine wakanyongwa. Kazi hiyo ya kutafuta mkosaji ilikuwa ngumu, walakini iliwezekana.

Hasara kubwa kupita ng'ombe ilikuwa fundisho. Mnyaturu alifundishwa na serikali kwamba aliyemwua nduguye ni kabila zima. Mbarbaig naye alifundishwa kwamba serikali ni mali ya wakulima. Hata jina "Mang'ati", ambalo mpaka leo hutajwa barazani kana kwamba ni jina la watu, limetoka kwa Wamasai na maana yake ni adui. Askari atokaye kumtafuta mtu aitwaye Adui amekwisha kumhukumu kabla hajafunga viatu.

Bendera ilibadilika mwaka 1961, na rangi ya maofisa ikabadilika baada yake. Sheria ya tenga haikubadilika. Tume ya Jaji Francis Nyalali, ilipotoa taarifa yake mwaka 1992, iliikuta ingali kitabuni, miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Na palipo na mazoea, hata kitabu hakihitajiki. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilitangazwa kuwa ni ya kuwasaka majangili. Wafugaji walipigwa, mifugo yao ikauawa, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani Desemba ya mwaka huo. Ufugaji ulikuwa umegeuzwa kuwa ushahidi.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mohamed Chande Othman ilipendekeza Jeshi la Polisi liundwe upya, hata jina lake liwe la huduma badala ya jeshi. Pendekezo jema; ila Wakenya waliandika jina hilo katika Katiba yao mwaka 2010, na tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliuawa kwa risasi Nairobi. Jina ni kanzu tu. Kinachotakiwa ni chombo kilicho nje ya polisi, chenye nguvu ya kumwita askari aliyefyatua risasi, yeye mwenyewe, ajieleze.

Maana hapa ndipo methali inapogeuzwa kwa werevu wa ajabu. Raia mmoja akikosa, kijiji kizima kimeoza. Askari mmoja akiua, mara wakubwa wake wanakumbuka kwamba samaki mmoja hawezi kuozesha tenga, na kwamba jeshi lisilaumiwe kwa tendo la mtu binafsi. Kisha huyo mtu binafsi hatajwi. Heshima hiyo ya kuhesabiwa mmoja mmoja ni haki. Basi na apewe mchunga ng'ombe wa Singida pia, na kijana wa mjini.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambamo watu waliuawa, mamia ya raia, vijana wengi miongoni mwao, walishitakiwa kwa uhaini. Walishitakiwa kwa makundi. Kabla ya mwezi Novemba kwisha, wengi wao waliachiwa, nako kukawa kwa makundi, pasipo ushahidi wowote kusikilizwa juu ya yeyote kati yao, ya kuwa siku ile alikuwa wapi na alifanya nini.