Skrubu au Bamba? Tuliamua Wawili

Mwezi huu naongelea kinywa changu mwenyewe.

Nikiwa sekondari niling'olewa gego la chini. Miaka ikapita, gego la nyuma yake likaanza kulalia pengo. Mwaka jana daktari wa meno akaniambia waya zinaweza kuliinua na kulivuta mbele. Tatizo ni moja: ukilifunga kwenye meno ya mbele ulivute, nayo yanavutwa nyuma. Sisi wa Turiani hili tunalijua. Trekta la miwa likizama kwenye tope, usilivute kwa gari lililosimama kwenye tope hilohilo. Funga kamba kwenye mti.

Mti wenyewe uko wa aina mbili. Kuna skrubu ndogo ya titani, unene milimita 1.5 hadi 2, inakazwa kwenye mfupa wa taya kwa ganzi, dakika chache tu. Halafu kuna bamba dogo linaloshikwa na skrubu mbili au tatu chini ya fizi. Hilo linataka upasuaji mdogo mara mbili, kuweka na kutoa, ila linashika kwelikweli. Mwaka 1999 madaktari wa Japani walieleza walivyolitumia kuzamisha magego ya chini yaliyochomoza. Skrubu ni nafuu na rahisi, lakini hulegea: kwa wastani zaidi ya 10 katika kila 100, na taya la chini ni sumbufu kuliko la juu.

Nikarudi nyumbani nimeshachagua bamba, kimya kimya. Mume wangu akaiona karatasi ya gharama kwenye pochi. Hela yenyewe ilikuwa ya mabati ya nyumba yetu! Akanuna siku mbili, kisha akasema, "Mke wangu, sikatai meno yako. Nakataa kuwa wa mwisho kujua."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Jioni ile tukakaa na kalamu: nauli hadi Morogoro, kisha Dar, siku za ruhusa kazini, na usafi, maana fizi ikivimba kuzunguka skrubu, inalegea haraka. Tukachagua skrubu, tukatenga na nauli ya safari moja ya ziada.

Wiki ya sita ikalegea! Zamani ningeficha. Safari hii nilimwambia palepale, na akanisindikiza. Daktari akaiweka sehemu nyingine, na mpaka leo imeshika. Pengo linapungua, mabati yako juu.

Sisemi skrubu ni bora kwa kila mtu. Kama gego lako lina safari ndefu, huenda bamba ndilo lako. Muulize daktari mapema: ikilegea, nalipa tena? Nitarudi mara ngapi? Ila kabla ya daktari, mwambie mwenzio.

Tukutane mwezi ujao.